Acheni kuelekeza watu hoteli kwa picha, Tanga hakuliwi hivyo!

Wakuu, salaam. Huu uzi ni wa hasira, na atakayekasirika akasirike.

Kila wiki mtu anauliza humu, "Nakuja Tanga, nile wapi?" Na kila wiki majibu ni yale yale: hoteli yenye taa za rangi, bustani, muziki na menyu ya kurasa nane. Mgeni anakwenda, anawekewa wali wa nazi usio na nazi na samaki wa kupaka aliyekaangwa tangu asubuhi, anarudi kwao akitangaza kwamba chakula cha Tanga kimekwisha ladha. Hakijaisha ladha. Ninyi ndio mnampeleka mahali pasipopikwa!

Kinachokera kuliko vyote ni hizi nyota mnazogawa mitandaoni. Mabanda ya chakula ya mtaa wa Ngamiani yanapewa nyota mbili kwa kosa la "tulifika saa tisa tukaambiwa kimekwisha". Jamani, kimekwisha ndiyo sifa! Mama lishe anayejua kazi anapika kilo anazojua zitaliwa, nazi zimekunwa leo, samaki amenunuliwa leo, na saa nane sufuria inaoshwa. Wali wa nazi kwa joto letu hauna subira, unachacha haraka. Na hatari si harufu peke yake. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu vinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo hata uupashe moto mara ngapi haiondoki. Wali unaongoja wateja ukae kwenye moto, juu ya nyuzi 60, au upoozwe upesi uingie kwenye friji chini ya nyuzi 5. Sasa niambieni, hoteli yenye wali wa nazi saa tano asubuhi na saa nne usiku, wote wa sufuria moja, inautunza wapi? Hiyo mnaipa nyota tano kwa kuwa "muda wote kipo".

Jambo la pili ni menyu. Mji huu umechanganyika. Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wasambaa na Wazigua wapo na vyungu vyao. Bandari, reli iliyoanza kujengwa 1893 na mashamba ya mkonge vikaleta watu wa bara kila kona, Wahindi na Waarabu wa Yemeni wakaja na vyao. Ndiyo maana mitaa michache tu inakupa bada, yaani ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa mkavu, biriani, mbaazi za nazi kwa mahamri, mkate wa kumimina, kachori na mishkaki. Lakini kila kimoja kina mkono wake na saa yake. Aliyekulia kwenye biriani hajui lazima kupika bada, na wa vitumbua alfajiri si wa pweza usiku. Ukiona menyu ina vyakula 60 na jikoni mna majiko mawili, jua linalopika pale ni friza. Kwa hiyo swali la "hoteli gani nzuri" ni swali bovu. Uliza hivi: mbaazi asubuhi ni kwa nani? Wali na samaki mchana ni kwa nani? Mishkaki baada ya Magharibi ni kwa nani? Utapata majibu matatu tofauti, na yote yatakuwa ya kweli.

Sasa tui, maana hapa ndipo tunapoibiwa mchana kweupe.

Wali wa kilo moja ya mchele unataka nazi mbili nzuri, zilizokomaa. Zinakunwa kwenye mbuzi, zinakamuliwa kwa maji kidogo tui zito likatengwa, kisha machicha yanarudiwa maji mara ya pili na ya tatu kwa tui jepesi. Mchuzi hivyo hivyo: viungo, nyanya na ukwaju au ndimu vinapikwa na tui jepesi kwanza mpaka vilainike, tui zito linaingia mwisho, sufuria wazi, mwiko hauachwi mpaka lichemke. Ukiliacha lichemke kwa fujo bila kukoroga, au ukamimina ndimu juu ya tui zito lililo motoni, linakatika. Utaliona: vipande vyeupe kama maziwa ya mgando, mafuta yamejitenga pembeni. Mpishi aliyekatikiwa ni mzembe, lakini angalau nazi alitia.

Mwizi ni huyu mwingine. Anaweka nazi moja palipotakiwa nne, anajaliza maji, anakaza mchuzi kwa unga wa ngano, anatia bizari ya manjano ili uonekane mzito, na anaongeza mafuta ya kupikia ung'ae. Kumgundua ni rahisi. Acha mchuzi kwenye bakuli dakika tano bila kuugusa. Wa unga unafanya ngozi juu, na ukiuvuta kwa kijiko unavutika kama uji uliopoa. Wa tui haufanyi ngozi ile, unabaki laini na vijitone vidogo vya mafuta ya nazi vinaelea juu. Wali nao uonje mtupu kabla ya kumwagia chochote. Kama utamu wake unangoja mchuzi, si wa nazi, ni wali mweupe uliopakwa jina. Na kabla hata ya kuketi, tupia jicho nyuma ya banda: vifuu vya leo vipo? Vifuu vya leo vina unyevu na weupe ndani, vya wiki jana vimekauka na kupasuka. Hoteli inayouza sahani mia za wali wa nazi haiwezi kukosa rundo la vifuu, labda iwe inakununulia tui la pakiti. Tui la pakiti si sumu, lakini useme basi, na bei ishuke!

Samaki wa kupaka. Huyu anachomwa kwanza juu ya mkaa, mzima au amepasuliwa mgongoni, akishakaribia kuiva ndipo anapakwa tui zito lililopikwa na kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, anageuzwa, anapakwa tena, mara tatu au nne, mpaka tui lishike kwenye ngozi. Kazi hiyo inataka nusu saa na zaidi. Anayekuletea kwa dakika saba amekuletea samaki wa kukaanga aliyemwagiwa rojo. Mgeuze: wa kupaka ana mistari ya wavu na ngozi iliyoungua hapa na pale, rojo imegandamana naye. Wa kumwagiwa ngozi yake inabanduka yote kwa pamoja kama karatasi iliyolowa, na chini yake mafuta ya karai yanachuruzika. Msikubali. Rudisheni sahani.

Na ulizeni samaki ametoka wapi na lini. Soko la Deep Sea lipo, vyombo vinarudi, hakuna sababu ya hoteli ya Tanga kukulisha samaki wa wiki mbili. Isipokuwa wakati wa upepo wa Kusi, kati ya Mei na Septemba, bahari ikichafuka, mitumbwi midogo haiendi mbali na samaki wanaadimika. Mwenye hoteli mkweli atakwambia leo hakuna samaki changu, kula maharage ya nazi. Mfuate huyo! Ukiruhusiwa kumwona samaki kabla hajapikwa, jicho lijae na ling'ae, mashavu ndani yawe mekundu, ubonyeze nyama na irudi. Nyama iliyolegea kama imesagwa, damu imevilia kando ya mbavu na uti umevunjika, huyo ni wa baruti. Mlipuko ndio unaomfanya hivyo, na pwani yetu inajua matumbawe mangapi yamekwenda kwa sababu hiyo. Hoteli inayomnunua kwa kuwa ni rahisi inamlipa mvuvi haramu kwa pesa yako.

Vibua na jodari wana la ziada. Wakikaa juani bila barafu, nyama yao inajenga sumu ambayo moto hauiondoi. Ulimi ukiwasha na kuuma kama pilipili, na mchuzi hauna pilipili, weka chini. Ukiendelea, ndani ya saa moja uso unawaka, kichwa kinagonga na moyo unakwenda mbio.

Biriani nitapita haraka. Wali wa rangi tatu na mchuzi wa kawaida pembeni si biriani. Masala yanapikwa peke yake kwa vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa hudhurungi, mtindi na viungo vizima, nyama iive humo. Kama masala ni mekundu mno na yanapaka vidole mpaka jioni, ni rangi ya dukani. Pilau nayo rangi yake inatokana na kitunguu kilichokaangwa vizuri, basi.

Mishkaki: papai bichi linalainisha nyama, lakini likikaa usiku kucha nyama ya nje inakuwa kama uji uliokauka. Ukiuma ikavunjika unga unga, hiyo imelazwa, huenda juzi haikuisha.

Chipsi: tazama karai. Mafuta meusi, yanayotoa povu dogo lisilokwisha na moshi kabla viazi havijaingia, yamechoka. Ondoka.

Wenye hoteli mnaosoma humu, nanyi msijifiche. Mnaajiri mpambaji kabla ya mpishi. Mpishi mnambadilisha kila miezi mitatu kwa kuwa kadai mshahara, halafu mnashangaa ladha imehama. Imehama naye. Ndoo ya kunawia haina sabuni, lakini ukutani mmeweka televisheni inchi 55.

Anayetaka kujua wapi pa kula, aende kwenye baraza la kahawa jioni, aketi, anywe kikombe na kashata, aulize wazee chakula kimoja kwa jina. Asiulize "hoteli nzuri". Wazee wale wamekula kwa mama anayekipika miaka, na wanajua siku gani amesafiri na jikoni yuko mdogo wake.

NYONGEZA (saa tatu usiku): Naona mnauliza pweza na papa.

Pweza anaokotwa zaidi siku za bamvua, maji yanapotoka mbali, karibu na mwezi mpya na mwezi mpevu. Siku hizo ndizo za kumla. Siku za maji mafu, yasipotoka mbali, pweza wengi unaouziwa ni wa friza. Si vibaya, kuganda kunamlainisha, ila asiitwe wa leo. Achemshwe kwa maji yake mwenyewe, polepole, chumvi mwishoni. Akiwa kama mpira, ametolewa motoni mapema.

Papa mkavu aloweshwe saa kadhaa na maji yabadilishwe zaidi ya mara moja, la sivyo chumvi itakushinda. Harufu kidogo ni yake. Harufu kali ya kuchoma pua mpaka machozi ina maana alianza kuharibika kabla hajakaushwa, na hakuna nazi itakayoificha. Kabla ya kuagiza bada, omba kunusa sufuria. Mwenye papa mzuri atafunua mfuniko mwenyewe.