Karamu ya mizimu kwenye bustani ya bembea, wageni 40: meza iwekwe wapi?

Mwandaaji40
Wadau, naomba maelekezo ya wanaoijua kazi hii. Tunakodi bustani ya bembea baada ya kufungwa kwa umma, saa 1 hadi saa 5 usiku. Wageni ni 40, kati yao vijana wanne wa miaka 13 hadi 15. Mada ni mizimu: taa hafifu, moshi unaotambaa chini, waigizaji sita. Tulifikiria kupanga meza ndani ya nyumba ya mizimu yenyewe, watu wakila huku waigizaji wakichomoza gizani. Inafaa? Ratiba iweje? Na moshi, tutumie mashine au barafu kavu (hewa ukaa iliyogandishwa)?

Mpanga_Hafla
Meza usiiweke mle ndani. Njia za nyumba ya mizimu hujengwa nyembamba na za kupindapinda makusudi ili mtu asione mbele, kwa hiyo mhudumu mwenye sinia atakwama kona ya kwanza. Kila mgeni anahitaji sm 60 za meza, na nyuma ya viti ziachwe kama sm 120 wahudumu wapishane.

Kubwa zaidi ni kupaliwa. Mtu anayeshtuka huvuta pumzi kwa nguvu, na kama ana tonge mdomoni linaingia njia ya hewa. Halafu hofu ina tabia ya kuzoeleka: mgeni akishtuliwa mara tatu kwenye kiti kilekile, ya nne haimtishi tena, inamkera. Pale mezani pawe ndipo penye amani. Watu wakishajua kwamba wakikaa hapo hawaguswi wala hawashtuliwi, hata kuinuka kwenda msalani kunaanza kuwatia wasiwasi, na hiyo ndiyo raha mnayoitafuta.

Mahali pazuri ni uwanja ulio mbele ya bembea ya farasi wa sanamu wanaozunguka. Farasi waliosimama kimya, taa zikiwaka nusu, wanatisha kuliko pambo lolote la kukodi. Uliza mapema kama taa zinaweza kuwaka bila mota kuzunguka. Pengine swichi ni moja. Juu ya jukwaa lenyewe msipange viti.

Ratiba: saa 1:00 wageni wanafika, wapewe kinywaji na vitafunwa vikavu tu. Saa 1:20 bembea zenye kasi na nyumba ya mizimu. Makundi matano ya watu wanane, moja liingie kila baada ya dakika sita. Kama mzunguko ni dakika nane, la mwisho linatoka dakika ya 32. Saa 2:15 mezani. Baada ya kula msimrudishe mtu kwenye kitu kinachozungusha. Gurudumu kubwa la polepole linatosha. Mkataba utaje kila bembea itakayokuwa wazi, saa yake, na idadi ya waendeshaji watakaobaki kazini, kwa sababu bila mwendeshaji hakuna bembea.

Waigizaji waelezwe jambo moja: wasimshtue wa mbele. Akishtuka anarudi nyuma na kundi zima linagongana. Washtue katikati au mkiani, kundi likimbilie mbele.

Fundi_Taa
Hapo kwa meza namuunga mkono. Kuhusu moshi, tumieni mashine. Moshi wake hutoka ukiwa moto na hupanda juu. Ili utambae lazima upitishwe kwanza kwenye kasha lenye barafu. Nje, upepo mdogo tu unautawanya, kwa hiyo mashine ikae upande upepo unakotoka, lakini isipungue mita nane kutoka mezani: moshi huu una ladha tamutamu inayobaki kooni na kuharibu chakula. Sakafu ya mbele ya mdomo wa mashine hulowa na kuteleza. Zungushieni uzio mita moja na nusu, watu wasipite hapo.

Ndani ya majengo, vigunduzi vya moshi vitalia. Msivizibe wala kuvizima wenyewe. Meneja wa bustani ndiye azime sehemu inayohusika, iandikwe kazima nani na saa ngapi, na mtu mmoja apewe zamu ya kuangalia moto usizuke hadi virejeshwe.

Sasa umeme, ambako wengi huumbuka. Laini ya ampea 16 kwa volti 230 inabeba wati 3,680. Mashine ya moshi ya wati 1,500 pamoja na kabati la kupashia chakula la wati 2,000 zimeshaimaliza, na birika moja la maji ya moto litakata umeme. Tena mashine hizi hupasha kwa vipindi. Mchana mnajaribu, kila kitu kinawaka vizuri; usiku vifaa vyote vinapasha kwa wakati mmoja na giza linaingia katikati ya supu. Jiko liwe na laini yake. Ekstensheni ya kuzungushwa kwenye gurudumu ifunguliwe yote, maana ikibaki imejikunja huku ikibeba mzigo mkubwa inapata joto hadi kuyeyuka.

Taa nyekundu juu ya nyama humfanya mtu ashindwe kujua kama imeiva, na kijani hufanya chakula kionekane kimeoza. Rangi zipigwe kwenye miti, kuta na bembea. Mezani weka taa ya manjano ya kelvini 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga), hafifu. Taa za kumwekamweka ziachwe kabisa: mimweko 3 hadi 30 kwa sekunde inaweza kumwangusha mwenye kifafa. Ngazi na njia za kutokea zibaki na mwanga usiku kucha.

Jiko_la_Hafla
Kwenye giza usiandike samaki mwenye miiba wala kuku wa mifupa midogo. Kila kitu kiwe cha kukatwa kwa uma.

Rangi nyeusi ipatikane kwa wino wa ngisi au ufuta mweusi, na vyote viwili vina watu wenye mzio navyo, kwa hiyo ulizeni wageni wiki moja kabla. Unga wa mkaa unaotiwa kwenye vyakula vya aina hii uepukeni: unanyonya dawa tumboni, na anayemeza vidonge jioni hiyo vinaweza visimfae. Chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 60, cha baridi kisipande juu ya 5. Kama jiko liko mbali na meza, pakulieni karibu na meza.

Mwandaaji40
Asanteni sana, meza tunaihamishia kwa farasi. Ila barafu kavu kwenye glasi za wageni, ule mvuke wa kufuka, nao hapana?

Jiko_la_Hafla
Kwenye glasi hapana. Iko nyuzi 78 chini ya sifuri, na kipande kikimezwa kinaunguza koo na tumbo. Tumia bakuli mbili: kubwa ya nje iwe na maji ya uvuguvugu na nusu kilo ya barafu kavu, ndogo ya ndani iwe na kinywaji. Mvuke unamwagika pembeni na hakuna anayekunywa kipande. Maji yakipoa mvuke unaisha, hivyo badilisha maji kabla ya kuongeza barafu. Mshikaji avae glavu nene. Isifungwe kwenye chupa wala chombo kisichopumua, kitapasuka.

Fundi_Taa
Na iwe nje tu. Kilo moja hutoa zaidi ya lita 500 za hewa ukaa, nayo ni nzito, hutuama chini. Wakati wa kuibeba kwenye gari, vioo viwe wazi.

Mpanga_Hafla
Kwa wale vijana wanne, na yeyote asiyetaka kushtuliwa: mkanda unaong'aa gizani mkono wa kulia, utolewe mlangoni bila maswali. Mwigizaji akiuona anapita kimya.