Naombeni ushauri: nimebishana na mzee kuhusu Breen, Jumapili ukweli unatoka

Nahodha wa Nchi Kavu:
Wakuu, habari za jioni. Nipo njia panda, usingizi sipati.

Kuna mzee mmoja hapa Mwanza ninamheshimu sana. Jumapili baada ya chakula huwa tunaangalia naye Star Trek, tamthilia ya safari za angani, ule mfululizo wa Deep Space Nine. Tumefika msimu wa saba, pale Breen wanapoingia vitani upande wa Dominion, himaya ya maadui. Kwa wasiowajua, Breen ni viumbe wa sayari nyingine, wanavaa kofia la chuma lenye mdomo mrefu na mavazi ya kupoozea mwili, wakiongea unasikia mkwaruzo kama redio inayotafuta stesheni. Walianza kutajwa 1990, wakaonekana kwa mara ya kwanza 1995, na Deep Space Nine imeisha 1999 hakuna aliyevuliwa kofia tukamwona.

Mzee ana hoja yake, mimi ninayo yangu. Mimi nasema ni jamii moja yenye sura mbili. Yeye anasema chini ya zile kofia kuna watu wa makabila tofauti tofauti. Jumapili hii kuna kijana analeta flashi yenye jibu. Je, nimwambie mzee mapema au nimwache ajionee mwenyewe? Matusi sitaki, nataka ushauri wa kiutu uzima.

Ngoja Waje:
Ngoja wajuzi waje. Naweka kambi hapa.

Kinyozi wa Igoma:
Mkuu, hulali kwa ajili ya katuni? Mimi nadaiwa kodi ya fremu na nalala fofofo.

Nahodha wa Nchi Kavu:
Siyo katuni mkuu.

Mama Wawili:
Mwanangu, mzee ni mzee, mwache ashinde. Marehemu baba yangu na jirani yake waligombea mpaka wa shamba, upana wenyewe hata tuta moja halienei. Wamekufa hawasalimiani. Leo hapo pamepita barabara ya lami na watoto wa pande zote mbili tunauza mahindi ya kuchoma pembeni yake. Hao Breen sijui ni akina nani, ila heshima haigharimu kitu.

Fundi Mitambo:
Mleta uzi, achana na habari za heshima, njoo kwenye hoja. Suala la Breen limetuumiza vichwa miaka. Tuweke vizuri yale tunayoyajua.

Kwanza, hawana damu. Limesemwa waziwazi kwenye Deep Space Nine. Hili si jambo dogo, kwa sababu enzi zile njia ya kumkamata Changeling (kiumbe wa ute anayejigeuza umbo lolote) aliyejigeuza mtu ilikuwa kumtoa damu kidogo na kuangalia kama itageuka ute. Sasa asiye na damu unampimaje? Ndiyo maana wengine tulisema Breen ni Changeling waliojificha, jeshi la akiba la Waasisi wa Dominion, ambao nao ni Changeling.

Pili, Wabetazoid, viumbe wenye kipaji cha kusoma hisia za wengine, hawawezi kuzisoma hisia zao. Ubongo wao umepangwa kivingine.

Tatu, na hapa ndipo utamu ulipo: kila mtu aliamini kwao ni barafu tupu, ndiyo maana ya yale mavazi ya baridi. Halafu Weyoun, mjumbe wa Dominion, anakuja kumwambia Damar, kiongozi wa Cardassia iliyoungana na Dominion, kwamba hapana, sayari yao hali ya hewa ni ya wastani tu. Sasa kama kwenu hakuna baridi, friji unalivalia nini? Hapo mashabiki wakagawanyika. Kuna waliosema vazi ni la kuficha, halina kazi ya kupooza. Kuna waliosema ni mashine mle ndani. Na kuna waliosema kama huyo mzee wako, kwamba wanaohitaji baridi ni baadhi tu, wengine wanavaa ili wote wafanane.

Mimi nilikuwa upande wa Changeling. Nilikuja kuacha baada ya kujiuliza: kama ni watu wao wenyewe, kwa nini Dominion iwabembeleze kwa mkataba na kuwaahidi sehemu za himaya ya Cardassia? Damar alikasirika bure basi.

Kinyozi wa Igoma:
Hiyo kofia si ndiyo ile ya Leia kwenye Star Wars, alipojifanya mwindaji akaenda kumkomboa mpenzi wake? Fundi wao ni mmoja nini.

Fundi Mitambo:
Ile ni ya 1983, na ni kweli zinafanana sana, sisi wenyewe tuliguna. Kumbe kinyozi unajua katuni!

Bi Hoja:
Jamani mnachangia mada ambayo hamjaielewa. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya kofia. Nahodha, huyo mzee ni nani kwako, na mmewekeana nini?

Nahodha wa Nchi Kavu:
Ni mzee tu ninayemheshimu. Tumewekeana kitu kidogo cha kuchangamsha mjadala.

Bi Hoja:
Kidogo kiasi gani?

Nahodha wa Nchi Kavu:
Ng'ombe.

Bi Hoja:
Ng'ombe wa nini?

Nahodha wa Nchi Kavu:
Haya. Ni baba wa mchumba wangu. Mahari tuliyotajiwa ni ng'ombe kumi na wawili. Jumapili moja tumebishana hadi chai ikapoa, mzee akasema, "Kijana, ukinionyesha kwamba mimi nimekosea napunguza wawili. Ukikosea wewe unaongeza wawili." Tukapeana mikono. Yeye ndiye aliyetaja dau, siyo mimi. Naomba hilo lieleweke.

Ngoja Waje:
Uzi umepata mwenyewe sasa. Nasogeza kigoda.

Mama Wawili:
Uwiiii! Mahari ya mtoto wa watu mnaichezea kamari?

Mtumishi:
Bwana Yesu asifiwe. Kijana, ndoa inayoanza kwa bahati nasibu haina baraka. Rudi kwa mzee, piga magoti, lipa ng'ombe wote kumi na wawili na ongeza blanketi la bibi. Mimi niliposa nikiwa na baiskeli moja tu, na wakwe waliniambia...

Kinyozi wa Igoma:
Mtumishi, ile hadithi ya baiskeli ulishatupa kwenye uzi wa bodaboda. Tunaikumbuka.

Bi Hoja:
Nahodha, nina swali lingine. Umesema sura mbili. Hujasema "nadhani", umesema sura mbili. Deep Space Nine haina jibu hilo. Wewe umelijuaje?

Fundi Mitambo:
Eeh! Hapo umemshika. Jibu la sura mbili limetoka kwenye Discovery, mfululizo mwingine wa Star Trek, msimu wa tano, 2024. Kuna kijana wa Breen anaitwa L'ak, wa ukoo wa kifalme, anapendana na binadamu anayeitwa Moll. Akivua kofia, uso mmoja ni kama ute unaopitisha mwanga, wa pili ni mgumu wenye ngozi. Wenzake wanaudharau huo mgumu, wanaona ni wa zamani walioshauacha nyuma.

Nahodha wa Nchi Kavu:
Niliangalia, ndiyo. Lakini jamani tuwe wakweli, mzee hakuniuliza kama nimeangalia. Aliuliza ninaamini nini, nikamwambia. Angeniuliza nisingemdanganya. Halafu Discovery ipo wazi kwa dunia nzima, siyo siri niliyoiba. Mtu akibishana na wewe kuhusu mechi ya jana ambayo hakuiona, kosa ni la nani?

Bi Hoja:
La anayemwekea dau huku anajua matokeo.

Nahodha wa Nchi Kavu:
Hujui mahari ya huku. Na isitoshe nimeshachukua hatua. Anayeleta flashi ni mdogo wake mchumba, nimemwomba asiilete kwanza mpaka siku ya kupeleka mahari ipite, nimemtumia na vocha. Nikiwa na muda nitajua namna ya kumweleza mzee. Swali langu liko palepale: mapema au ajionee?

Mama Wawili:
Kwa hiyo unatuomba ushauri wakati umeshahonga.

Nahodha wa Nchi Kavu:
Vocha siyo hongo mama.

Mhuni Mstaarabu:
Mimi nimefurahia kitu kimoja. Huyo L'ak kwenye Discovery mjomba wake, mkubwa wa Breen, alikataa uchumba wake na Moll, na wawili hao wakawekewa "erigah", yaani zawadi ya damu kwa atakayewakamata, wanawindwa galaksi nzima. Watu hawana damu ila wana zawadi ya damu! Nahodha, mzee akigundua, wewe utawekewa erigah ya ng'ombe. Kimbilia Ukerewe.

Mpekuzi:
Wakuu, nawaharibia kidogo. Nimepitia nyuzi za zamani za huyu ndugu. Kwenye ule wa "vijana tusiooa tukutane" aliandika hajawahi kuwa na mchumba na hana mpango. Huo uzi siyo wa zamani sana. Leo ana mchumba, baba mkwe, shemeji na ng'ombe kumi na wawili. Hii ni chai, tena ya tangawizi.

Ngoja Waje:
Dah. Nilishaweka kambi.

Nahodha wa Nchi Kavu:
Ule uzi niliandika kumchokoza rafiki yangu. Mchumba ninaye.

Mpekuzi:
Sawa. Ila kuna hili pia. Tuambie huyo mzee wa Mwanza hoja yake ilikuwaje, kwa maneno yake.

Nahodha wa Nchi Kavu:
Anasema Breen siyo kabila, ni mkusanyiko. Kila kundi lina umbo lake, ila wamekubaliana kuvaa vazi moja ili asijulikane nani ni nani na asiwepo wa kupendelewa. Wasio na damu na wanaohitaji baridi ni kundi moja tu. Na ule mdomo mrefu wa kofia ni kwa sababu kuna kundi jingine lina pua ndefu kama ya mbwa mwitu.

Mpekuzi:
Mmeona? Mzee yupo nyumbani na diski zake, amekaa tu akawaza hadi pua ya mbwa mwitu! Hiyo ni riwaya ya David Mack ya 2010, ile ya Bashir, daktari wa Deep Space Nine, kupenya kwa siri ndani ya Breen. Wenye pua ni Fenrisal, wanaohitaji baridi ni Amoniri. Nahodha amesoma riwaya, ameangalia Discovery, akazigonganisha, akaweka baba mkwe katikati ili tusome. Hongera kwa utunzi.

Fundi Mitambo:
Kama ni utunzi basi ni mzuri, maana umegusa mahali panapowasha. Mimi riwaya ile niliipenda kuliko jibu la Discovery. Jamii nzima inajifunika ili mtu apimwe kwa kazi yake, siyo kwa sura! Hilo linaeleza kofia, linaeleza friji, linaeleza hata hali ya hewa ya wastani. Sura mbili zinaeleza nini? Lakini ndiyo hivyo, kwa Star Trek kilichoonekana kwenye skrini ndicho rasmi, vitabu vinabaki pembeni. Kwa sheria hiyo mleta uzi anashinda, ingawa mwenye akili ni mzee.

Mhuni Mstaarabu:
Mtumishi, unasemaje kuhusu Amoniri?

Mtumishi:
Mimi nilishatoka kwenye mjadala.

Bi Hoja:
Mpekuzi, umepekua vizuri ila umesahau kugeuza shilingi upande wa pili. Yawezekana Nahodha hatudanganyi. Yawezekana aliyesoma riwaya ni mzee. Nahodha, huyo baba mkwe alikuwa anafanya kazi gani?

Nahodha wa Nchi Kavu:
Fundi wa injini kwenye meli za mizigo. Kazunguka sana, hizo diski alinunua huko bandarini. Kastaafu.

Bi Hoja:
Na vitabu?

Nahodha wa Nchi Kavu:
Sebuleni hakuna vitabu. Chumbani kwake kuna sanduku la baharini, haruhusu mtu kuligusa.

Fundi Mitambo:
Aisee.

Bi Hoja:
Sasa nisikilize. Mzee amesoma riwaya inayokubaliana na kofia, baridi na damu, akakutajia dau yeye mwenyewe, akakupa mkono. Unajiona mjanja kwa Discovery, na yeye amekaa anakungoja na riwaya. Mmeuziana mbuzi kwenye gunia, kila mmoja kashika gunia lake.

Nahodha wa Nchi Kavu:
Kwa hiyo na yeye alijua? Basi tuko sawa. Mbona mimi nalaumiwa peke yangu?

Mpekuzi:
Bado nasema chai. Ila imeanza kunoga.

Mama Wawili:
Mimi nina swali moja tu na hakuna aliyeuliza. Mchumba mwenyewe anajua kwamba mahari yake inapanda na kushuka kwa kofia la Breen?

Nahodha wa Nchi Kavu:
Hayo ni mambo ya wanaume na wazee mama.

Mama Wawili:
Anajua au hajui?

Ngoja Waje:
Dakika zinakwenda, mleta uzi kimya.

Nahodha wa Nchi Kavu:
Nilikuwa nampigia. Nimemuuliza sanduku la mzee lina nini. Amesema vitabu vya kizungu vya meli za angani, funguo anayo baba tu. Halafu akaniuliza kwa nini nauliza. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Bi Hoja:
Umemkatia simu mchumba wiki ya mahari? Mpigie sasa hivi, hizo habari za kofia tutakuendeshea sisi huku.

Nahodha wa Nchi Kavu:
Hapokei.