IST inalia ka ka ka nikikata kona, nataka kubadilisha draivu shafti mwenyewe nyumbani (Tanga)

Mwana_Makorora
Asalam aleikum wakuu. Nina Toyota IST, wiki mbili sasa nikikata kona ya kufunga, hasa nikigeuza uani, mguu wa mbele kushoto unalia ka ka ka ka, nikinyoosha usukani unanyamaza. Jana nimechungulia nimekuta buti (mpira wa kufunika) ya sivi jointi ya nje, ile ya upande wa tairi kwenye draivu shafti inayotoka giaboksi, imechanika, grisi imetapakaa ndani ya rimu yote. Gereji niliyopita wameniambia shafti zote mbili zimekufa na beringi pia, na gari hata hawajainyanyua, imeniuma sana. Nna jeki, spana na jumapili nzima. Wapi nisikosee?

SpanaNo14
Mkuu huo ni mlio wa jointi ya nje. Ya ndani ikifa gari inatetemeka ukikanyaga mafuta, beringi yenyewe inavuma tu kadiri spidi inavyopanda. Toa shafti ya kushoto peke yake.

Kazi yote ipo kwenye nati ya habu (ile kubwa ya katikati ya tairi inayoshika ncha ya shafti), Toyota ndogo nyingi ni soketi namba 30. Ilegeze TAIRI LIKIWA CHINI, hendibreki juu na mtu akanyage breki, maana utavuta kwa bomba refu na gari ikiwa juu utaiangusha. Pale ilipogongwa ili isifunguke painue kwanza kwa patasi nyembamba. Ukishanyanyua fungua boli jointi pale kwenye lowa amu (mkono wa chini unaoshika tairi), vuta habu nje, shafti inachomoka. Ikigoma (na kwa kutu ya huku pwani itagoma) rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya shafti ndio ugonge, ukigonga uzi mtupu shafti haitatoka tena. Upande wa giaboksi chokonoa na mtarimbo mfupi, usivute shafti kwa mkono jointi ya ndani itaachana, na tega beseni oili inamwagika.

Bi_Chumbageni
Kaka yangu nakuomba usiingie chini na jeki tupu. Sie uani kwetu mchanga, nilitoa shafti nikaacha gari kwenye jeki, usiku mvua ikanyesha, asubuhi nakuta jeki imelala na diski imezama mchangani. Alhamdulillahi hakukuwa na mtu. Weka stendi na chini yake ubao mpana. Na shafti ikiwa nje usiisukume gari hata hatua moja, utaua beringi nzima.

fundi_wa_Pongwe
Ukinunua spea nenda na ile kuukuu, zilaze pamoja hesabu meno pande zote mbili, pima urefu, angalia na ringi ya ABS (breki za kuzuia tairi lisijifunge) kama yako inayo. Oili sili ya giaboksi (mpira unaozuia oili isivuje pale shafti inapoingia) badilisha hapohapo. Kuongeza oili soma kwanza stiki imeandikwa aina gani, usikubali ya kukisia. Nati ya habu weka mpya, Toyota ndogo nyingi inakazwa 216 Nm, tairi likiwa chini tena.

Mwana_Makorora
Wakuu nimemaliza, saa tano mpaka alasiri, nati peke yake imenila saa nzima. Nimeifungua ile jointi ya zamani, grisi imekuwa uji wa mchanga, njia za gololi zimechimbika unazipapasa kwa kidole. Nimezunguka mpaka Raskazone na kurudi, kimya kabisa. Beringi nimeitikisa na kuizungusha, nzima. Ila buti ya kulia nayo ina nyufa, jumamosi nafungua niweke buti mpya na grisi kabla mchanga haujaingia.