Simu inashika 4G fresh Dodoma mjini, nikifika kijijini inasoma E. Nibadili laini au nibadili simu?

MnunuziAlizeti

Habari za jioni wakuu, na wale wa Dodoma mbukwenyi.

Naombeni ushauri kabla sijapoteza hela mara ya pili. Naishi Ipagala ila kazi yangu ni kununua alizeti vijijini, msimu ukianza naweza kukaa wiki nzima upande wa Chemba, nalala kijiji kimoja mbele ya Mrijo, nakusanya mzigo napeleka Singida kwa wenye mashine za kukamua. Kazi yote ipo kwenye simu. Wakulima wengi nawalipa kwa simu, na mwenye mashine lazima aone picha za magunia WhatsApp ndo atume hela ya gari.

Sasa mwaka jana nilichukua simu used ya Kijapani, nyuma imeandikwa jina la kampuni ya simu ya huko kwao, simu nzuri kweli, kioo hakina hata mchubuko, maji haiogopi, kamera usiseme. Niliijaribu palepale dukani na laini yangu, 4G ikajaa, video inafunguka kabla sijatoa kidole, nikalipa nikasepa. Mjini haijawahi kunizingua hata siku moja. Balaa ni kijijini, inashuka mpaka E, yani 2G, picha moja inazunguka mpaka chai inapoa, ikibidi napanda kichuguu nyuma ya zahanati kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea.

Muda wote nilijua ni mtandao. Juzi nipo na binamu yangu, ana Tecno ya kawaida tu, laini yake ni ya mtandao uleule wa kwangu, tumekaa benchi moja chini ya mbuyu, yeye anaangalia mpira mimi meseji ina tiki moja. Tukabadilishana laini, bado yeye anaangalia mpira.

Nina laki tatu na nusu, nikijikamua sana laki nne. Muuza duka anasema ana nyingine ya Kijapani kali zaidi na ina 5G. Nichukue?

KisasaBoy

Badili laini mkuu, mimi nipo Kisasa hapa mtandao wangu unateleza balaa

Mgogo_Asilia

Kisasa Boy umesoma uzi au umesoma kichwa tu? Wamebadilishana laini na tatizo limebaki kwenye simu. Halafu Kisasa na porini Chemba wapi na wapi jamani.

MtuWaMinara

Mleta mada hapo kwenye kubadilishana laini umeshajipima mwenyewe, ugonjwa upo kwenye simu. Tena simu yako siyo mbovu, haiisikii tu bendi inayorushwa na mnara wa huko.

Iko hivi, 4G siyo kitu kimoja, inapita kwenye masafa tofauti na kila masafa yana namba yake ya bendi. Hapa kwetu utakutana sana na megahezi 1800 ambayo ni bendi 3, 800 ambayo ni bendi 20, na 700 ambayo ni bendi 28, hiyo 700 TCRA, wasimamizi wa mawasiliano nchini, waliinadi 2018 wakarudia tena 2022. Zipo na nyingine za juu huko 2100, 2300, 2600. Masafa ya juu yanabeba data nyingi ila hayafiki mbali, ukuta na bati vinayachosha haraka. Ya chini yanaenda mbali na yanapenya. Sasa we jiulize mwenye mnara, mjini watu wamebanana na minara iko karibu karibu, atarusha ya juu ili spidi itoshe watu wote. Kijijini mnara mmoja unahudumia eneo kubwa, kinachokufikia huko ndani ni 800 au 700.

Simu za Kijapani zinatengenezwa kwa mitandao ya Japani na Japani hawatumii bendi 20 kabisa. Bendi 3 na bendi 1 wanazo, ndo maana dukani mjini ikakuonyesha 4G imejaa. Yani kuijaribu pale hakukukuambia chochote kuhusu kijijini.

Na mtego unaokamata watu wengi ni huu, ukimuuliza muuzaji ina 800? anakujibu ndio ina 800, wala hadanganyi maskini. Japani wana 800 yao, bendi 19. Sasa bendi 19 mnara unatuma kwenye 875 mpaka 890, bendi 20 mnara unatuma kwenye 791 mpaka 821. Ni kama umeambiwa tukutane Majengo ya hapa Dodoma ukaenda Majengo ya Moshi. Uliza namba ya bendi, achana na megahezi.

MnunuziAlizeti

Duh! Na mimi kweli niliuliza ina frikwensi zote akasema zote. Sasa mbona haishuki 3G angalau, inaruka moja kwa moja hadi E?

MtuWaMinara

Ni ileile. 3G nayo ina bendi, kuna 2100 na kuna 900. Simu nyingi za huko 3G yake ina 2100 ila ile 900 haina, kwahiyo kama 3G inayokufikia hapo kijijini ni 900 simu haina pa kushika, inaangukia 2G. Shukuru yako 2G inayo.

FundiOneWay

Nathibitisha, niko na meza ya ufundi hapa mjini nazipokea sana hizi. Mteja anakuja anataka nibadilishe antena, nimeshafungua simu za watu bure mpaka nikajifunza. Siku hizi kabla sijashika bisibisi naangalia namba ya modeli kwanza. Hakuna fundi wa kukuongezea bendi, ukisikia mtu anasema ataifleshi (aibadilishie programu) iwe global, yani ya nchi zote, kimbia na hela yako, ni redio ya simu na antena zake zenyewe, utaua simu bure.

Samsung ni rahisi kuzisoma, ingia Settings pale pa kuhusu simu utaona namba inaanza na SM. Ikiishia na U hiyo ni ya Marekani, N ni ya Korea, F au B mara nyingi ni za masoko yetu haya. Sisemi U zote mbaya, zile kubwa za S zina bendi nyingi mpaka 20 unaikuta, ila za A za bei rahisi zilizotengenezwa kwa kampuni za huko ndo zinalia. Ukishapata namba kamili nenda tovuti ya GSMArena, tafuta simu, pale juu kwenye Network bonyeza ifunguke, wanaandika bendi za kila toleo. Usisome jina la simu tu. Jina moja linaweza kuwa na simu nne tofauti ndani yake.

BabuKinyonga

Mambo mengi ya nini nunua iPhone ya Marekani maisha yaende

FundiOneWay

Babu kwa laki nne iPhone gani hiyo unampa mfanyabiashara wa magunia, betri inaisha kabla hajafika Kondoa. Halafu iPhone 14 kuja juu za Marekani hazina tundu la laini, ni eSIM tu, laini iliyo ndani ya simu yenyewe. Akiwa porini simu ikazima hawezi hata kuchomoa laini aweke kwa binamu.

MamaZabibu

Samahani wanangu naomba kuuliza hapohapo. Kijana wangu aliniletea Redmi kutoka China, alikuwa anasoma huko. Niko Hombolo, ndani ya nyumba haishiki 4G, nikitoka nje chini ya mwembe inashika kidogo. Ndo ugonjwa huohuo au ni bati langu?

MtuWaMinara

Shikamoo mama. Vyote viwili vinachangia. Redmi za soko la China nyingi hazina 20 wala 28, na zile za India pia nyingi zinakosa 20. Redmi zilezile toleo la global nyingi zinazo zote mbili. Kwahiyo simu yako inang'ang'ania 1800 kutoka mbali, ukiingia ndani ya tofali na bati inakata. Kama haikusumbui sana usinunue nyingine, muombe kijana akununulie kile kirouta kidogo cha laini cha hapahapa nchini, kiweke dirishani, simu iwe inatumia waifai. Ila kabla hajanunua ahakikishe na chenyewe kina bendi 20 na 28, maana visije vikawa viwili havisikii.

MamaZabibu

Marahaba mwanangu, ubarikiwe. Nilikuwa nimeshamlaumu mtoto wa watu bure.

MtuWaMinara

Mleta mada, usitegemee maneno yetu hapa, pima mwenyewe. Siku ukienda kijijini chukua simu ya binamu, weka app ya NetMonster kutoka Play Store, ni ya bure, itakuonyesha namba ya chaneli ya 4G inaitwa EARFCN. Ikiwa kati ya 1200 na 1949 ni bendi 3. Kati ya 6150 na 6449 ni bendi 20. Kati ya 9210 na 9659 ni bendi 28. Mwenye Samsung anaweza jaribu kupiga *#0011# inaonyesha bendi bila app. Ukishajua kijiji chako kinarushiwa nini ndo unakwenda dukani na namba mkononi, muuzaji hana cha kukuyumbisha.

Na hiyo 5G ya muuza duka achana nayo. Kama simu haina bendi 20 hiyo 5G itakuwa pambo tu huko unakolala.

MnunuziAlizeti

Jumamosi naenda, nitaleta mrejesho.

MnunuziAlizeti

Wakuu mrejesho. Nimepima na simu ya binamu, hapo chini ya mbuyu inasoma 6200, nyuma ya zahanati 6200, mpaka nyumbani kwa mwenyekiti ni hiyohiyo. Bendi 20 tupu. Tulivyorudi nayo mjini pale Sabasaba ikawa inasoma elfu moja na mia kadhaa, yani bendi 3. Nikacheka peke yangu kwenye bajaji, mwaka mzima napanda kichuguu.

Nikaangalia modeli ya simu yangu GSMArena, ina 1, 3, 19 na 21. Ishirini wameiruka kama wamenikusudia.

Jana nimeingia duka lingine, nimechukua Samsung ya A mpya ya hapahapa, namba inaishia F, nimekaa pale kaunta nimesoma bendi mojamoja muuzaji ananiangalia kama nimetumwa na TCRA. 20 ipo, 28 ipo, 3 ipo, 3G yake ina 900. IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, nimeituma 15090 ya kuhakiki simu imejibu jina la simu sawasawa. Laki tatu na themanini. Kamera haifikii ile ya Mjapani hata robo, hilo limeniuma, ila picha za magunia zitaenda.

Swali la mwisho, ile ya Kijapani niiuzeje?

Mgogo_Asilia

Muuzie mwanafunzi wa UDOM ambaye hatoki mjini, mwambie ukweli tu kwamba kijijini haishiki, mjini atakula nayo bata. Na mwambie kabisa ikipiga picha inalia kwa sauti, hizo za Kijapani nyingi hazizimiki mlio wa kamera, asije akaaibika darasani.

MnunuziAlizeti

Hahaha aisee ni kweli, kanisani iliwahi kuniumbua.

BabuKinyonga

Mleta mada na alizeti gunia mnanunuaje huko Chemba? Nina gunia kumi na mbili hapa Bahi nimekosa mtu.

MnunuziAlizeti

Njoo inbox babu, tuma na picha. Sasa hivi zinafunguka.