Mjadala: Je, kutembea peke yako katika njia ndefu za milimani kupigwe marufuku?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyo mbele yetu ni iwapo mamlaka zinazosimamia njia ndefu za milimani zimzuie mtu kutembea peke yake, hema na chakula mgongoni, bila mwenzi wala kiongozi. Aliyefungua mjadala ameeleza kwamba mtu wa namna hiyo huwatwisha waokoaji mzigo ambao hawakuuomba. Aliyemfuata amejibu kwamba mtu mzima ana haki ya kuyahatarisha maisha yake mwenyewe. Mimi ninaipinga marufuku, lakini si kwa sababu ya haki. Ninaipinga kwa kuwa inapambana na upweke, ilhali kinachoua mara nyingi ni mambo mawili mengine: kutokuwapo mtu anayejua ulipo, na kutokuwapo jicho la pili la kugundua kwamba akili yako imeanza kuyumba.

Naomba nieleze siku moja, kwa sababu jambo hili huonekana vizuri zaidi kwa karibu. Ilikuwa siku yangu ya nne njiani, na shanta langu lilikuwa na uzito wa kilo 15. Nilikusudia kutembea kilomita 22 zenye mpando wa jumla ya mita 1,200. Kwa kanuni ya Naismith, ambayo wapanda milima wanaitumia tangu 1892, unahesabu saa moja kwa kila kilomita 5 na kuongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo nilipata saa sita na nusu hivi, nami nikajiwekea tisa ili nipate nafasi ya kupumzika na kukosea. Niliondoka alfajiri. Kufikia saa nne asubuhi mvua ilikuwa imeanza, upepo ukiisukuma ubavuni, na sikuwa nimeonana na mtu yeyote tangu jana yake.

Saa saba mchana nilifika kwenye kijito kilichojaa. Kabla ya kuvuka maji ya kasi unapaswa kufungua bizimu ya mkanda wa kiunoni, ili ukianguka uweze kulivua shanta lisikuzamishe. Nilijaribu kuibana ili ifunguke mara tatu, na mara zote tatu vidole vilikataa. Kilichonitisha baadaye si vidole. Ni kwamba, kwa utulivu kabisa, niliamua kuvuka mkanda ukiwa umefungwa, na uamuzi huo niliuona wa busara. Ndipo nikakumbuka kwamba sikuwa nimekula tangu asubuhi kwa kuwa niliona usumbufu kulitua shanta. Joto la mwili linaposhuka kuelekea nyuzi 35 na chini yake, mikono na uwezo wa kuamua huharibika pamoja, na mwenye kuharibikiwa huwa wa mwisho kujua. Mwenzi angeniona mapema nikijikwaa na kujibu kwa mkato. Mimi nilikuwa na karatasi tu, niliyoiandika jioni iliyotangulia nikiwa nimeshiba na nina joto: vidole vikishindwa kazi, piga hema hapohapo. Nilitii. Nililisimamisha hema kwa viganja na meno, nikavaa nguo kavu, nikala vitu vitamu, nikaingia ndani ya mfuko wa kulalia, kisha nikamtumia dada yangu ujumbe kwa kifaa cha setilaiti kwamba nimesimama kabla ya kijito na sitafika nilikokusudia. Baada ya saa mbili niliweza kufunga zipu.

Nakiri kwamba mpenda marufuku anaweza kuichukua habari hii akaigeuza kuwa ushahidi wake. Tena nitamwongezea. Katika milima mirefu sana, hoja yake ina nguvu kuliko yangu. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, hupandwa kwa lazima pamoja na kiongozi mwenye leseni, na Nepal, tangu tarehe 1 Aprili 2023, iliweka kanuni ya kuwataka wageni wawe na kiongozi katika njia zake za milimani. Juu huko ubongo wenyewe unaweza kuvimba kwa uhaba wa oksijeni, na mgonjwa anaweza kuapa kwamba hana tatizo huku akishindwa kutembea katika mstari ulionyooka. Karatasi ya jana haimfai mtu ambaye hawezi tena kuielewa. Kwa mwinuko wa namna hiyo ninakubali lazima ya kiongozi bila kinyongo.

Lakini njia nyingi ndefu haziko huko. Appalachian Trail nchini Marekani ina urefu wa takribani kilomita 3,500, kutoka Georgia hadi Maine, na mahali pake pa juu kabisa ni mita 2,025 tu. Mwaka 1948 Earl Shaffer aliitembea yote peke yake kwa msimu mmoja. Mwaka 1955 Emma Gatewood akafanya vivyo hivyo akiwa na umri wa miaka 67. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya barafu na hewa nyembamba, ikihamishiwa msituni, itawafungia nje watu kama hao bila kuwalinda na kitu walichokuwa wakikabiliana nacho.

Mchangiaji mmoja ametukumbusha, kwa haki kabisa, mwanamke aliyepotea katika njia hiyohiyo huko Maine mwaka 2013. Alitoka njiani kidogo kujisaidia, akashindwa kuirudia. Ujumbe aliojaribu kutuma kwa simu haukwenda kwa kukosa mtandao. Aliishi msituni zaidi ya majuma matatu, na mabaki yake yalipatikana mwaka 2015. Siwezi kuisoma habari hiyo bila moyo kuniuma. Ndiyo, mwenzi aliyesimama njiani angepaza sauti naye angeifuata. Hata hivyo, kifaa cha dharura kinachorusha mawimbi ya 406 MHz, yanayosikilizwa na mfumo wa kimataifa wa setilaiti wa Cospas-Sarsat, kingeweza pia kuwaonyesha waokoaji alipo, na hakihitaji mtandao wa simu.

Kuhusu waokoaji, kilio cha mwanzilishi wa mjadala ni cha kweli, wala si haki kukipuuza kwa neno moja la uhuru. Jimbo la New Hampshire nchini Marekani linaweza kumdai gharama mtu aliyeokolewa kutokana na uzembe wake. Mimi ninaliogopa suluhisho hilo, kwa kuwa anayewazia hati ya madai huchelewa kuita msaada, na mgonjwa aliyeitiwa msaada saa sita za usiku ni mzigo mzito kuliko aliyeitiwa saa kumi za jioni.

Ninachopendekeza ni wajibu kabla ya safari. Anayekwenda peke yake aache kwa mtu maalumu ratiba iliyoandikwa, yenye saa ambayo ikipita bila habari taarifa itolewe. Abebe kifaa cha dharura pale pasipo na mtandao, na ofisi za njia ziwaazime wasioweza kukinunua. Na askari wa hifadhi awe na mamlaka ya kumrudisha mtu asiye na nguo za mvua wala hema, awe peke yake au wawe kumi.

Sasa namwomba mwanzilishi wa mjadala anijibu jambo moja. Leo, mtu akipita kwenye kibanda cha njiani, huandika jina lake katika daftari, tarehe, na anakoelekea, na mara nyingi daftari hilo ndilo huwaambia waokoaji waanzie wapi. Siku kutembea peke yake kutakapokuwa kosa, ni nani kati ya watakaokwenda kwa siri atakayeandika jina lake?