HER2 "2+" kwenye majibu ya mama: ni chanya au hasi?

Binti wa Usangi: Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mama yangu ana miaka 61. Alikutwa na uvimbe titi la kushoto, akachukuliwa kinyama, na baada ya wiki tano za "njooni Jumatatu" majibu yametoka. Ni saratani. Chini yake wameandika: ER chanya, PR chanya, HER2 2+. Daktari aliyetupokea foleni yake ilifika hadi nje, akasema "hiyo ni kama chanya tu, anzeni kutafuta hela ya dawa ya Herceptin." Kaka yangu kashaweka kibao cha kuuza shamba. Naomba mnieleweshe kabla mteja hajaja.

Chapati Maji: Pole sana dada. Mimi si daktari, ila kujumlisha mbili si ndiyo chanya kabisa?

Fundi Darubini: Mkuu, usimpoteze mwenzio. Nipo maabara ya patholojia mwaka wa tisa huu. Dada, shamba lisiuzwe kwanza.

HER2 ni protini inayokaa kwenye utando wa nje wa seli. Hata titi lisilo na ugonjwa linayo, kidogo. Ila katika saratani za matiti kama 15 hadi 20 kwa kila 100, jeni lake hujirudufu, utando unajaa protini hiyo, na seli inagawanyika bila breki. Sisi tunakata kinyama chembamba kuliko karatasi, tunakiwekea kingamwili inayoishika HER2 peke yake, halafu rangi ya kahawia inatokea pale iliposhika. Ikiwa 0 au 1+, tunaandika hasi. Kwenye 3+ kahawia nzito imeizunguka kila seli, ukitazama unaona kama wavu wa kuvulia. Hiyo haina ubishi. Sasa 2+ kahawia ipo lakini hafifu, na mimi jicho langu siliapii. Hapo kanuni ni kulipima jeni lenyewe kwa kipimo kinachoitwa FISH, kinachohesabu nakala zake ndani ya kiini cha seli. Zikiwa zimeongezeka, ni chanya. Kama hazijaongezeka, ni hasi, na hela ya Herceptin mngeitupa, maana dawa hiyo inailenga HER2 iliyozidi.

Mzizi Mkavu: Achaneni na hivyo vipimo, majani ya mstafeli yanamaliza kazi wiki mbili.

Fundi Darubini: Mstafeli tuuache kwenye juisi.

Binti wa Usangi: Asante sana kaka. Kwa hiyo mama akatwe tena? Kidonda ndiyo kwanza kinafunga.

Fundi Darubini: Hapana. Kile kinyama kimehifadhiwa kwenye kibonge cha nta, sisi tunaita bloku. Nendeni mlikopimiwa mkaiombe, na nakala ya ripoti. Ulizeni pia kinyama kilikaa muda gani kwenye formalini, ile dawa ya kukihifadhi kisioze. Inatakiwa saa 6 hadi 72. Nimeshapokea vilivyosafiri na basi siku nne, na rangi ya namna hiyo siiamini sana.

Mama Nuru, Tanga: Mwanangu, mimi nilikuwa 3+. Dripu kila wiki tatu, mwaka mzima. Kabla ya kuanza walinipima moyo kwa eko, wakarudia kila baada ya miezi mitatu, maana dawa ile inaweza kuuchosha moyo. Ikifika huko, usiulizie Herceptin tu, hilo ni jina la kibiashara; taja trastuzumabu, jina la dawa yenyewe. Zipo za kampuni nyingine zinazofanya kazi ileile, bei yake imeshuka. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2015.

Dada Mfamasia: Mbona ER na PR mmeziruka? Hizo ndizo habari njema za ripoti hii. Ni vipokezi vya homoni za kike, estrojeni na projesteroni. Haziko juu ya utando kama HER2, ziko ndani ya kiini, na zikiwa chanya maana yake uvimbe unakula homoni. Kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi mara nyingi ni letrozoli au anastrozoli, dawa za kupunguza estrojeni mwilini, kidonge kimoja kwa siku, kwa miaka mitano au zaidi. Vidonge si vya kuuzia shamba. Mwulizeni daktari wa saratani nini kianze wakati mnasubiri FISH. Msikae tu nyumbani.

Binti wa Usangi: Mrejesho. Bloku tumeipata leo, ina namba ileile ya kwenye ripoti, imefungwa kwenye kibahasha cha kaki. Alhamisi tunaonana na daktari wa saratani. Kaka kang'oa kibao.