Naomba ushauri: minyoo fundo kwenye shamba la kikundi, Kisauni, Mombasa

Habari zenu wakulima wenzangu. Masika yamebaki kama miezi miwili, na kikundi chetu hapa Kisauni kinataka kupanda mboga bila dawa za viwandani. Tatizo ni minyoo fundo, vijinyoo vidogo mno vya udongoni vinavyoshambulia mizizi. Udongo ni kichanga, nayo huupenda mno. Bamia zinadumaa, zinanyauka mchana hata zikimwagiliwa, na ukizing'oa unakuta mizizi yenyewe imevimba vinundu. Msichanganye na vile vya kunde: hivyo hukaa ubavuni mwa mzizi, hubanduka kwa ukucha, na ndani vina rangi ya waridi. Hivyo ni neema, vinarutubisha udongo.

Tumepanga kulowesha matuta, kisha kuyafunika kwa nailoni angavu wiki 6 kwa jua hili la kaskazi, kingo zikifukiwa vizuri ili joto linaloua minyoo lisitoroke. Nailoni nyeusi haipashi udongo joto kwa kina kama hiyo angavu. Baadaye tuta la mita 1 kwa 5 lipate ndoo 2 za mboji iliyoiva, halafu tupande marejea (mmea wa jamii ya kunde wa kurutubisha udongo na kupunguza minyoo hiyo), tuyakate yakianza kuchanua na kuyafukia.

Naomba kujua: marejea yakichukua mvua zote za masika, wanachama watavuna nini? Mchicha huvunwa wiki ya 4 lakini nao hushikwa na minyoo hiyo. Je, vitunguu vya majani vitafaa katikati ya marejea? Na maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo. Yatadhuru miche ya marejea mvua zikichelewa?